Je, wajua kwa nini dau la mnyonge haliendi joshi? Watoto wa Lamu waliiuliza kompyuta

Mtu wa Lamu hahitaji kufasiriwa msemo huu. Kwenda joshi ni kuupanda upepo, chombo kikikata kuelekea kule kule upepo unakotoka, na kazi hiyo yataka tanga zima na mikono ya kutosha. Mnyonge ana tanga la viraka na mikono miwili. Lakini uliza barazani kwa nini huyo mnyonge akawa mnyonge, utapewa jibu moja kati ya matatu: ni mvivu, amedhulumiwa, au ndiyo riziki yake aliyoandikiwa.

Liko jibu la nne, ila ni la hesabu, na barazani hesabu huishia kwenye bei ya samaki. Watu wanaweza kuanza sawa, wakafuata kanuni ya haki, asiwemo mvivu wala mwizi, na bado mali karibu yote ikamwishia mmoja. Watu wazima hawaliamini hili wakiambiwa. Watoto pia hawaliamini, ila wao wana subira ya kulijaribu. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, katika chumba chenye kompyuta sita na feni moja inayolia, mimi huwapa wanafunzi wa klabu yetu kazi ya kuunda katuni inayoonyesha jambo hilo likitokea, na mtazamaji akiweza kutia mkono wake ndani akaligeuza.

Wao wenyewe husema "tunakodi". Mzee mmoja aliyekuwa akipita na punda alisimama dirishani akauliza, "Wanangu, mwakodi nini, mashua?" Kicheko kilichofuata kiliharibu nusu saa ya somo. Nikamweleza kwamba kukodi kwao ni kuiandikia kompyuta maagizo, nayo ikayafuata neno kwa neno. Akamtazama punda wake, akasema huyu haambiwi neno akalifuata, na kwamba wakimaliza wamwite aone.

Kanuni tuliyoianza ni fupi. Wako watu kumi, kila mmoja ana shilingi 100. Kila raundi kompyuta inachagua wawili bila kupendelea, inawarushia sarafu, na mmoja anampa mwenzake kiasi fulani. Kiasi hicho ni asilimia 20 ya mali ya yule mwenye kidogo kati yao. Na hapa Kiswahili kimetupa zawadi, kwa sababu kiasi kinachowekwa mchezoni nacho huitwa dau. Kwa hiyo dau linapimwa kwa mfuko wa mnyonge. Dau la mnyonge, kwa maana zote mbili.

Kabla mzazi hajanijia juu: hii si kamari. Sarafu inasimama mahali pa biashara. Kila watu wanapouziana kitu, mmoja huondoka amepata kidogo zaidi ya thamani yake na mwingine amepunjwa kidogo, na mara nyingi hakuna aliyekusudia. Dau hupimwa kwa mfuko mdogo kwa sababu muuza samaki mwenye ndoo moja hawezi kuingia kwenye biashara ya ndoo hamsini, hata tajiri akiwa tayari.

Sasa chukua kalamu. Tuwe na madau mawili tu, lenye tanga jekundu na lenye tanga jeupe, kila moja lina 100. Raundi ya kwanza dau ni 20. Jeupe linashindwa, linabaki na 80. Jekundu lina 120. Raundi ya pili dau ni asilimia 20 ya 80, yaani 16. Safari hii jeupe linashinda. Lina ngapi? Tisini na sita. Jekundu lina 104.

Kila mmoja kashinda mara moja, kashindwa mara moja. Sarafu haikumpendelea mtu. Shilingi nne zimehama.

Binti mmoja wa darasa la saba alikataa katakata. Aliirudia kwenye daftari lake, jeupe likishindwa kisha likishinda, likishindwa kisha likishinda: 96, halafu 92 na senti 16, halafu 88 na senti 47. Alipofika mara ya kumi, yaani sarafu ishirini, ushindi kumi na kushindwa kumi, jeupe lilikuwa na shilingi 66 na senti. Akaniuliza nani kaiba. Nikamwambia atafute mwenyewe, na alipata kabla ya mapumziko: ukishindwa unakatwa kutoka kwenye kingi, ukishinda unaongezwa juu ya kichache. Asilimia ni ile ile, shilingi si zile zile. Kwa upande wa jekundu, kupoteza 16 kutoka kwenye 120 ni kukwaruzwa tu. Jeupe lingeweza kuanza kwa kushinda, na hapo jekundu ndilo lingeachwa nyuma. Sarafu haijui nani ni nani. Inachojua ni kumwacha mmoja nyuma, na aliyeachwa mbali hupandishwa na ngazi fupi kuliko ile iliyomshusha.

Mchezo huu haukuzaliwa Lamu. Mwanafizikia wa Kihindi, Anirban Chakraborti, aliuandika mwaka 2002, akitumia hesabu zinazofanana na zile za chembe za gesi zinazogongana na kupeana nguvu. Wamarekani waliupa jina la "yard sale", yaani mauzo ya uani, yale ambayo mtu huuza vyombo vikuukuu nje ya nyumba yake. Bruce Boghosian wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ameufuatilia kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba ukiachwa hivi hivi, bila kitu cha kurudisha mali nyuma, mwisho wake ni mmoja mwenye vyote. Mcheza bao hatashangaa sana. Kete 64 hazizidi wala hazipungui, zinahama tu kutoka shimo hadi shimo, na ukifika mtaji, ile hatua ya pili ya mchezo, ndipo unapoona nani ana mali na nani anatakata, yaani kusogeza kete bila kula, ili mradi siku ipite. Nashuku walioiita hatua hiyo mtaji walikuwa wamewahi kufanya biashara.

Programu tunayotumia ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na watu wa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti ukishaiweka kwa flashi, na lugha zake ni pamoja na Kiswahili. Huandiki mistari mirefu. Unaunganisha vipande vya rangi vinavyoshikana kama matofali, vya bluu vya kusogeza, vya zambarau vya sura, vya kijani vya hesabu. Ukiifungua unapokewa na paka wa rangi ya machungwa, jambo ambalo katika mji wenye paka kama Lamu halimshangazi mtu. Tunamfuta, tunachora dau.

Dau moja tu. Kisha kipande kimoja kinaliamuru lijitengenezee nakala, na nakala hizo ndizo wachezaji. Kwangu mimi hili ndilo somo lenyewe. Siku ambayo dau moja lilivimba hadi likafunika nusu ya bahari na mengine yakawa kama maganda ya korosho, kijana mmoja alisema kwa uhakika kabisa, "Lile limefanya bidii." Sikujibu. Nilimwomba afungue maagizo ya dau kubwa na ya dau dogo, ayaweke kando kwa kando. Ni yale yale. Ni pacha. Hakuna kipande cha bidii wala cha uvivu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, na hakukiweka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema basi tukiweke. Tukakiweka: dau moja likapewa nafasi ya kushinda 55 kati ya 100. Likatajirika haraka, kweli. Lakini tulipoliondolea upendeleo huo, dau jingine likatajirika vile vile, pole pole zaidi. Yaani bidii ipo na inasaidia, ila ukiona dau kubwa huwezi kujua kama ni bidii au ni sarafu.

Chati ya kwenye gazeti haimfanyi mtoto abishane hivyo. Chati unaitazama, unasikitika, unafunua ukurasa. Vi Hart na Nicky Case waliliona hili walipotoa mtandaoni, mwaka 2014, mchezo wa pembetatu na miraba wanaohama mtaa kwa sababu hawataki kuwa wachache mno kati ya majirani. Msingi wake ni hesabu ya mwanauchumi Thomas Schelling ya mwaka 1971, aliyeifanyia majaribio kwa kusogeza sarafu ubaoni: kila mmoja anavumilia majirani wa aina nyingine, anataka tu wa aina yake wasipungue theluthi, na bado mji unagawanyika. Schelling alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2005. Msomaji anayeburuta miraba kwa kidole chake anaiona kanuni ikizaa matokeo. Mtoto aliyeandika kanuni hiyo anapiga hatua nyingine mbele, kwa sababu hana wa kumlaumu.

Kuna kosa moja ambalo kila kikundi hulifanya, na nimeacha kuwaonya ili walikute wenyewe. Wanataka ukubwa wa dau uonyeshe mali, kwa hiyo wanaandika: mali ikiwa 100, ukubwa asilimia 100; mali ikiwa 200, ukubwa asilimia 200. Inaonekana sawa. Lakini Scratch ikikuza kitu hukikuza urefu na kimo kwa pamoja, na dau lenye mali mara mbili linachukua nafasi mara nne kwenye kioo. Umeongeza chumvi bila kujua. Dawa yake ni kipeuo cha pili: chukua kipeuo cha mali, zidisha kwa 10. Mali 100 inatoa ukubwa 100, mali 400 inatoa ukubwa 200, na eneo la dau linakuwa mara nne kweli. Mwanafunzi mmoja aliona afadhali tuache kosa, eti watu watashtuka zaidi. Nilimkatalia. Mtu mzima mmoja akiigundua hila hiyo, hataamini chochote kingine tulichochora, na atakuwa na haki.

Ndipo likaja swali la dawa. Vitabu husema kodi, lakini watoto hawa hawajawahi kulipa kodi ya kuandikiwa risiti. Walichosema wote kwa pamoja ni zaka. Wakaandika: kila raundi, mwenye zaidi ya 100 atoe sehemu moja ya arobaini, yaani asilimia mbili na nusu, na kilichokusanywa wagawiwe sawa walio chini ya 100. Madau hayakulingana. Pengo likabaki, lakini hakuna lililomeza mengine, na lililokuwa kubwa asubuhi halikuwa lazima liwe kubwa adhuhuri.

Ustadhi alipoonyeshwa alifurahi, kisha akawakosoa kama anavyokosoa tajwidi. Zaka haitolewi kila siku, ni baada ya mali kukamilisha mwaka wa mwezi mwandamo. Nisabu, kile kiwango cha chini cha mali kinachomlazimu mtu kutoa zaka, haichaguliwi kwa kupenda, hupimwa kwa dhahabu, gramu 85. Na wanaostahili ni mafungu manane, si kila aliyepungukiwa. Watoto wakamuuliza swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu: kwenye kompyuta, mwaka mmoja ni raundi ngapi? Hakuwa na jibu, nami sina. Tukaweka kijiti cha kuburuza, mtazamaji achague mwenyewe. Ukigawa kila raundi 5, pengo dogo. Ukigawa kila raundi 50, pana.

Mmoja alitaka tuongeze Hazina ya Usawazishaji, ile ya ibara ya 204 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayotenga nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za orodha ya kwanza, pamoja na jirani zetu Tana River na Garissa. Nilimzuia, kwa sasa. Zaka yetu inakata kwenye mali, hazina inakatwa kwenye mapato ya serikali, na ukizichanganya kwenye kijiti kimoja utakuwa umewadanganya watu kwa rangi nzuri. Pia katuni hii haina mashamba, haina hatimiliki wala urithi. Madau yote yanaanza na 100, na hapa mjini kila mtu anajua nani hakuanza na 100.

Yule mzee tulimwita kama alivyoomba, akaja, punda akamfunga nje. Akaburuta kijiti cha zaka mpaka sifuri, akatazama dau moja likivimba. Akakirudisha, likapungua. Akafanya hivyo mara tatu nne bila neno. Kisha akaweka kidole juu ya dau kubwa kabisa, pale pale kwenye kioo, akauliza, "Na huyu akikataa kutoa?"

Tulikuwa hatujaandika kipande cha kukataa. Binti wa darasa la saba alikuwa ameshashika kipanya.