Mji rafiki kwa wazee: mambo tunayoyasema Dar ambayo sio kweli

Shangazi yangu ana miaka 74, anakaa Temeke, kila mwezi lazima aende kliniki ya presha. Mwezi uliopita nikamsindikiza. Kutoka nyumbani tu kuna mtaro, juu yake ubao mmoja umelegea, anaupita kanishika bega huku anaburuza mguu taratibu. Mkifika barabarani njia ya waenda kwa miguu imejaa bodaboda zimepaki, basi anashuka atembee kwenye lami na magari yanapita. Halafu daladala, ngazi ya kwanza inakaribia goti lake, konda anapiga bodi "twende twende", abiria wa nyuma wanasukuma. Toka siku hiyo kuna maneno nikiyasikia siwezi kunyamaza.

"Dar ni mji wa vijana, wazee wapo kijijini." Hapana jamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar, na kati yao wazee wamo, yaani kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ni wenye kuanzia miaka 60. Waliokuja mjini miaka ya 70 na 80 kufanya kazi bandarini na viwandani wengi wao hawakurudi, walijenga hapa hapa, wajukuu wao wanasoma hapa hapa. Na wewe mwenye miaka 35 leo piga hesabu 2050 utakuwa wapi na utakuwa na miaka mingapi.

"Mambo ya wazee ni ya hospitali na Ustawi wa Jamii." Hapa ndo tunapokosea kuliko kote. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe kwenye miji 33, Nairobi ikiwemo, na yakatoka maeneo manane: maeneo ya wazi na majengo, usafiri, nyumba, kushiriki kwenye jamii, heshima, kazi na kushiriki mambo ya kiraia, mawasiliano, halafu ndo huduma za jamii na afya. Yaani afya imo kwenye eneo moja kati ya manane. Sasa rudi kwenye safari ya shangazi uone ina wenyewe wangapi. Barabara za mitaa ni TARURA, barabara kuu TANROADS, leseni na nauli za daladala LATRA, bodaboda wana viongozi wa kijiwe chao, machinga wana wao, dirisha la kuhudumia wazee peke yao ni la hospitali, na nani amshike mkono hilo ni la familia. Mmoja tu asipokuwepo kwenye mazungumzo safari inakatika hapo hapo, hata hilo dirisha liwe zuri vipi, maana mzee hajafika dirishani.

"Kushirikisha wadau ni kuitisha kikao." Kikao kinaitwa, ukumbi uko ghorofa ya pili, lifti hakuna, watu wanasaini mahudhurio, imeisha, na mzee mwenye goti bovu kabaki nyumbani. Mimi naona kushirikisha kunaanzia chini, kwa miguu. Mfano tunao hapa hapa, Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaani na wakazi wakachora mitaro, njia na sehemu zinazojaa maji, na wakazi ndo walikuwa wanajua mvua ikinyesha maji yanafika wapi. Ile ilikuwa kwa ajili ya mafuriko, ila kwa wazee tunaweza kufanya vile vile, tembea na bibi mmoja toka kwake mpaka kituoni, kila anaposimama kupumua weka alama, hapo panataka benchi na kivuli.

"Itakula hela nyingi." Kifuniko cha mtaro? Konda kusubiri mtu akae ndo gari iondoke? Hata taa za kuvukia, sehemu nyingi duniani zinapangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 18 unapewa sekunde 15. Mzee wa mita 0.8 kwa sekunde zikiisha hizo 15 bado ana mita 6 mbele yake, yuko katikati ya magari! Kuongeza sekunde nane hakuhitaji kuvunja barabara.

Na wanaosema tunawapendelea wazee, mtaro ukifunikwa anapita pia mama mjamzito, mtu wa magongo, mtoto anayewahi shule. Mabasi ya Mwendokasi nayo, toka 2016 sakafu ya basi iko usawa na kituo, hakuna ngazi ya kupanda, na hamna anayelalamika kwamba kituo kile ni cha wazee.

Juzi tumeenda na shangazi mwenyewe kwenye kijiwe cha boda, kaongea nao kama bibi yao, wale vijana wakasogeza pikipiki zote nyuma na mmoja kachora mstari kwa chaki wasiuvuke. Ubao wa mtaro bado upo. Mtendaji wa mtaa kasema barua anaiandika, Jumatatu narudi na shangazi tukaisome wote.