Siyo Kuumia kwa Bledsoe Kulikomfanya Brady

Nawafundisha vijana wa sekondari nafasi ya kotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, hapa Marekani, na miongoni mwa wazazi wao wako wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Kijana akiwekwa benchi tu, mzazi ananijia na maneno yale yale: "Kocha, huyu anangoja bahati yake. Hata Tom Brady alikaa benchi mpaka mwenzake akaumia." Nimeyasikia mno, na ubaya wake ni kwamba kijana naye huyasikia, kisha anakaa kweli kungoja.

Kuumia kulikuwepo. Tarehe 23 Septemba 2001, Mo Lewis wa New York Jets alimgonga Drew Bledsoe, kotabeki wa kwanza wa timu ya Brady, karibu na mstari wa pembeni, mshipa wa damu ukachanika kifuani. Brady akaingia. Lakini kuna swali ambalo hakuna mzazi anayeniuliza: kwa nini aliyeingia ni Brady?

Mwaka mmoja kabla alikuwa kotabeki wa nne wa New England Patriots. Mbele yake walikuwapo Bledsoe, John Friesz na Michael Bishop. Timu nyingi huweka makotabeki wawili au watatu. Nafasi ya nne inamnyima mtu mwingine kazi, na hakuna klabu inayoitoa kwa huruma. Msimu wote wa 2000 alirusha pasi 3, ikafika 1, yadi 6. Basi. Kazi yake ilikuwa mahali pasipo na kamera: kunyanyua vyuma, kutazama video, kukariri kitabu cha michezo (mipango ya timu uwanjani), na kubaki uwanjani na wachezaji wachanga wenzake baada ya mazoezi rasmi kurudia yale ya siku hiyo. Msimu wa 2001 ulipoanza, Friesz na Bishop walikuwa wameondoka, na klabu ilikuwa imemleta Damon Huard, ambaye tayari alikuwa ameanza mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, akiwa na Miami Dolphins. Kwa uzoefu, Huard ndiye aliyestahili kuwa wa pili. Brady alimpita kambini, wiki kadhaa kabla Lewis hajamgusa Bledsoe. Nafasi mnayoiita bahati ilikuwa imeshagombewa, na mtu mwingine akaikosa.

Na kuingia si kubaki. Mechi yake ya kwanza kuanza, 30 Septemba dhidi ya Indianapolis Colts, timu ilishinda 44-13 bila yeye kurusha hata pasi moja ya tachidauni, yaani ya kufunga mwishoni mwa uwanja wa wapinzani. Wiki iliyofuata kule Miami walichapwa 30-10, naye akapata yadi 86. Kisha wakaja San Diego Chargers: yadi 364, ushindi wa 29-26 katika muda wa nyongeza. Wapinzani hawakumnyakua pasi hata moja katika majaribio yake 162 ya mwanzo, rekodi ya NFL wakati huo, halafu Denver wakamnyakua mara 4 ndani ya robo ya mwisho peke yake. Huyo ndiye kotabeki kijana halisi: anapanda, anaporomoka, wiki inayofuata anarudi.

Katikati ya Novemba madaktari walimruhusu Bledsoe kurudi. Hapo ndipo hoja ya bahati inapokufa kabisa. Mwezi Machi mwaka ule ule Bledsoe alikuwa amesaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Timu ilikuwa imeshinda 5 na kupoteza 5. Kocha Bill Belichick alikuwa na kila kisingizio cha kumrudisha nyota wake, na hakumrudisha. Patriots wakashinda mechi zote 6 zilizobaki za msimu wa kawaida.

Ndiyo maana namwambia kotabeki wa akiba asimame nyuma ya mwenzake katika kila mchezo wa mazoezi, ausikilize wito, ausome ulinzi, ahamishe miguu yake kana kwamba mpira uko mikononi mwake. Hasa miguu! Mkono unaweza kungoja zamu. Miguu isiyofanyishwa kazi wiki nzima itamsaliti siku atakayoitwa. Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe amuulize jioni: leo umeona nini kwenye ulinzi? Asimuulize kama amecheza.

Dhana ya pili ni kwamba Brady aliokotwa asikojulikana, kwa kuwa klabu zilipochagua wachezaji wa vyuo mwaka 2000 alichaguliwa wa 199, raundi ya 6, baada ya makotabeki wengine 6. Jamani, alitoka Chuo Kikuu cha Michigan! Alianza mechi 25 pale, akashinda 20. Katika mechi yake ya mwisho ya chuo, Orange Bowl ya Januari mosi 2000, alirusha yadi 369 na tachidauni 4, akaifunga Alabama 35-34. Maskauti waliona mwili mwembamba na mbio za yadi 40 kwa sekunde 5.28, wakaona pia jinsi kocha Lloyd Carr alivyokuwa akimgawia Drew Henson, kotabeki mwingine wa Michigan, muda wa kucheza. Vyote hivyo vilikuwa kweli. Walikosea kuvipa uzito kuliko ushindi 20. Dick Rehbein, kocha wa makotabeki wa Patriots, alimtetea achaguliwe. Alifariki Agosti 2001, wiki chache kabla Brady hajaanza mechi.

Wengine husema alizawadiwa na mwamuzi katika ile mechi ya theluji dhidi ya Oakland Raiders, Januari 2002, mpira ulipomtoka mkononi na mwamuzi akaamua kuwa ni pasi isiyokamilika. Kanuni ilikuwapo kitabuni tangu 1999 na mwamuzi aliisoma kama ilivyoandikwa. Ilikuwa kanuni mbovu, ndiyo maana NFL iliifuta mwaka 2013. Hata hivyo, baada ya uamuzi ule Adam Vinatieri, mpigaji wa mpira kwa mguu wa Patriots, alipaswa bado kuupiga mpira langoni kutoka yadi 45 kwenye theluji ili tu kusawazisha.

Na wapo wanaosema aliibeba timu mabegani hadi kombe. Hapana. Katika Super Bowl, fainali ya NFL, ya 3 Februari 2002 alirusha yadi 145. Ulinzi uliwazuia St. Louis Rams, mlinzi Ty Law akanyakua pasi na kufunga, Vinatieri akamaliza kwa mpigo wa yadi 48, 20-17. Sehemu ya Brady ilikuwa yale mashambulizi ya mwisho: zimebaki sekunde 81, timu haina tena haki ya kusimamisha saa kwa mapumziko, anatoa pasi fupi fupi bila kuupoteza mpira.

Kwamba kotabeki peke yake habebi timu kulionekana tena msimu uliofuata, wa 2002: Bledsoe akiwa ameshauzwa Buffalo, Brady aliongoza NFL kwa pasi 28 za tachidauni. Patriots walimaliza na ushindi 9 na vipigo 7, wakakosa mtoano.