Samadi ya kuku iliyokauka si samadi iliyoiva

Miche ya nyanya imenyauka siku ya nne baada ya kuhamishwa, kingo za majani zimebabuka, na mwenye bustani anaapa: "Mbolea ilikaa juani wiki tatu, ikakauka kabisa. Haina moto tena." Kila msimu kauli ni hiyohiyo, na kila msimu si kweli.

Jua haliivishi samadi, linaikausha tu. Maji yakiisha, vijidudu wanaoozesha husinzia. Sehemu ya nitrojeni, chakula cha mmea, hupaa kama amonia, ile gesi inayochoma pua; iliyobaki husubiri humo pamoja na chumvi. Ukiitia kwenye shimo la kupandia na kumwagilia, kazi iliyosimama huanza upya, safari hii ubavuni mwa mizizi michanga: amonia inaiunguza, chumvi inaizuia kunywa. Ndiyo maana mche hunyauka udongo ukiwa umelowa. Salmonela nayo, bakteria wa kinyesi cha kuku anayeharisha watu, huvumilia ukavu vizuri sana.

Moto hauishi mpaka uwake, na mahali pake ni kwenye rundo. Samadi ya kuku ina kaboni karibu sehemu 10 kwa 1 ya nitrojeni, na rundo linataka 25 hadi 30. Kwa hiyo kinyesi kitupu cha chini ya vizimba, ndoo 1, changanya na ndoo 2 hadi 3 za majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Ya banda la kuku wa nyama tayari ina maranda au pumba za mpunga. Ndoo kwa ndoo yatosha.

Rundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo joto linatoroka. Nyunyizia maji ukichanganya, kisha kamata konzi ubane: yatoke matone mawili, yasichuruzike. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Siku ya tatu kichomoe: kikiwa cha moto hadi hukishiki vizuri, uko sawa. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 55 hadi 65. Likipita 70 pindua upesi, vijidudu wenyewe wanakufa. Pindua kila wiki, na hapa ndipo watu wanapokosea: wanarusharusha juu juu. Ya nje lazima iingie ndani, maana pembeni hapapati joto, na funza wa nzi hukaa hukohuko. Kijiti kikitoka baridi na kikavu, ongeza maji. Baada ya kupindua mara 4 au 5, rundo likiwa na unyevu lakini halipandi joto tena, liache mwezi mmoja litulie.

Zipo na kauli nyingine. "Harufu kali ndiyo nguvu yake." Harufu hiyo ni nitrojeni inakukimbia. Ongeza majani makavu. Ikinuka mayai viza, maji yamezidi. Pindua ipate hewa.

"Tia majivu ipungue ukali." Majivu na chokaa huitimua amonia haraka zaidi, unabaki na rundo maskini. Majivu yapeleke kwenye matuta, si hapa.

"Iloweke pipani siku mbili, unyunyizie sukuma wiki." Yaani kinyesi kibichi juu ya jani litakaloliwa keshokutwa! Hapana.

"Ikizidi, mavuno yanazidi." Nyanya itakupa majani mabichi ya kupendeza na matunda ya kuhesabu. Mboji iliyoiva, kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, ichanganywe na udongo wa juu kina cha jembe.

Unayenunua kwa kiroba, usitosheke na rangi nyeusi. Lowesha konzi moja, itie kwenye kopo lenye mfuniko, funika siku tatu, kisha fungua unuse. Ikinuka udongo wa mvua, peleka bustanini. Ikikuchoma pua, haijaiva, muuzaji aseme atakalo.