Mfumo wako wa kufuata mwelekeo wa bei umeujaribu kwenye soko gani jingine?

Wawekezaji wanaotuletea mifumo yao ya kununua na kuuza hisa huja na grafu moja ya faida ambayo mfumo ungepata kwa bei za zamani, na grafu hiyo huwa inapanda tu. Ukiwauliza data zimetoka wapi, mara nyingi ni soko moja na kipindi kimoja.

Mfumo wa kufuata mwelekeo hautabiri kitu. Unanunua bei ikishaanza kupanda na kuuza ikishaanza kushuka. Kanuni inayojulikana zaidi ni ya wastani wa bei za kufunga za siku 200 zilizopita: bei ya kufunga ikiwa juu ya wastani huo unashika hisa, ikiwa chini unakaa na fedha taslimu. Lakini kwa nini 200, isiwe 170? Ukibadilisha namba mpaka kompyuta ikupe faida nono, umeshona suti kwa vipimo vya mtu mmoja. Mvalishe mwingine uone.

Tazama Japani. Fahirisi ya Nikkei 225, yaani kipimo cha pamoja cha bei za hisa 225 za kampuni kubwa za huko, ilifunga mwaka 1989 ikiwa juu kidogo ya 38,900, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Kwenye data hizo, karibu kanuni yoyote iliyokutoa sokoni mapema mwaka 1990 itaonekana ya maajabu. Ihamishie kanuni hiyohiyo kwenye soko la Marekani la miaka ya 1990, lililopanda karibu muongo mzima, na mara kwa mara utajikuta umeuza kwa hofu, kisha unanunua tena kwa bei ya juu zaidi.

Mwaka 1995, watafiti Bessembinder na Chan walichapisha matokeo ya kupima kanuni za aina hii katika masoko ya Asia. Zilifanya vizuri zaidi Malaysia, Thailand na Taiwan kuliko Japani na Hong Kong. Wengi wakiona matokeo ya namna hiyo hukimbilia masoko machanga. Sisi tunashauri uulize kwanza kama bei hizo zilikuwa hai.

Katika soko lenye ukwasi mdogo, hisa inaweza kukaa siku tatu bila muamala. Habari njema ikitoka Jumatatu, hisa kubwa zinapanda siku hiyohiyo. Ile isiyouzwa sana inabaki na bei ya wiki iliyopita, kisha inaruka Alhamisi mnunuzi wa kwanza anapojitokeza. Fahirisi inapanda kidogo Jumatatu, kidogo tena Alhamisi. Kompyuta inasoma hapo mwelekeo, na inakuhesabia faida ya kununua Jumatatu kwa bei ambayo hakuna aliyekuwa tayari kukuuzia. Kwa hiyo rudia jaribio ukichelewesha kila ununuzi kwa siku moja, uone faida inayosalia.

Gharama nazo zipo. Mfumo unaonunua na kuuza mara 10 kwa mwaka, kila mzunguko ukigharimu asilimia 2 kwa dalali, tozo na tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, unakula takriban asilimia 20 ya mtaji kabla hujahesabu faida. Hakikisha pia data zina kampuni zilizofilisika na kuondolewa sokoni. Ukibaki na zilizo hai tu, unapima washindi.

Na ukishapima masoko kumi, usihesabu kwamba una ushahidi mara kumi. Mwaka 2008 masoko makubwa yalianguka pamoja, hivyo mfumo uliouza mapema mwaka ule ulipata sifa kila mahali kwa tukio lilelile moja. Uondoe mwaka huo kwenye data, halafu upime upya.