Nyumba ya kupangisha "haina hasara"? Njoo tupige hesabu

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu. Ya tatu ilikuwa pale Ngamiani, hapa Tanga, nimekaa zangu na kahawa na kashata, jamaa anayejua mi kazi yangu ni uthamini wa majengo akasogeza kigoda akaniambia mjomba, kiinua mgongo changu chote natupia nyumba ya kupangisha, ile haina hasara. Nikamuuliza umepiga hesabu? Akacheka. Wote wanacheka nikifika hapo.

Haya, dhana yenyewe inayonichosha ni hii: chukua pango la mwezi, zidisha mara 12, basi hiyo ndo faida yako. Jamani hiyo sio faida, hiyo ni hela iliyopita mkononi.

Nina mteja mmoja, mama wa huko Kange. Kiwanja, ujenzi, fensi, shimo la choo, jumla milioni 65. Anapangisha laki mbili na nusu kwa mwezi, kwahiyo kichwani kwake anaingiza milioni 3 kwa mwaka na hapo keshatulia. Sasa tukakaa. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu kabla hujapata mpangaji mwingine (na hapa Tanga sio Dar, mpangaji wa laki mbili na nusu humwokoti njiani) zimebaki 2,750,000. Kodi ya zuio asilimia 10, na hii inakatwa kwenye pango zima, usiende kumwambia afisa wa kodi eti ulipaka rangi, zimebaki 2,475,000. Afu kodi ya ardhi, afu kodi ya jengo ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU ya umeme so mpangaji ndo anakatwa afu anakuja kukudai, afu kitasa, koki, gari la kuvuta shimo, rangi kila mtu akihama, bili ya maji aliyoiacha yule aliyeondoka usiku. Laki nne kwa mwaka na hapo nimekuonea huruma. Yule mama anabaki na milioni 2 na vichenji, kwa milioni 65 alizoweka. Ni asilimia 3 na kidogo! Hela yake itarudi baada ya miaka thelathini na kitu, na bati la kwanza halitafika huko.

Na bati la Tanga ndo usiseme. Ukiwa Raskazone au Sahare upepo wa bahari unakula misumari wewe ukiwa umelala, na kama fundi wako alikuletea mchanga wa pwani kwasababu ni rahisi basi ile chumvi inashika nondo, nondo inavimba kwa kutu na zege linapasuka lenyewe. Nimeona nyumba ya miaka 9 linta zote zimechanika.

Wananijibu "lakini mi kiwanja nilirithi, sijakinunua." Kwani kisingeuzika? Kama kina thamani ya milioni 15 basi umeweka milioni 15 pale, hata kama alikuachia babu.

Linganisha na hati fungani, yaani unaikopesha Serikali hela yako nayo inakulipa riba. Mwaka 2022 Serikali iliposhusha riba watu walinung'unika kweli, lakini hata baada ya kushushwa ile ya miaka 20 ilikuwa asilimia 12.10. Milioni 65 hapo ni zaidi ya milioni 7 na laki nane kwa mwaka na hakuna mtu anakupigia simu saa tano usiku choo kimeziba. Nikiwa mkweli, nyumba ina kitu hati haina, vitu vikipanda bei na yenyewe inapanda, pango unaweza kupandisha, wakati riba ya hati inakaa palepale miaka yote 20. Ila huko kupanda kwa thamani hukuli mpaka uuze, na kuuza nyumba ya milioni 65 hapa mjini unaweza kukaa na dalali mpaka mkawa ndugu.

Dhana ya pili, "nitakopa benki nijenge, pango litalipa mkopo." Riba za benki kwetu zinazunguka asilimia 15. Kwenye milioni 65 riba peke yake mwaka wa kwanza inakaribia milioni 10, pango lako milioni 3. Nyingine utatoa wapi? Tuendelee.

"Bomba la mafuta la kutoka Uganda likikamilika pango Tanga litapanda mara tatu." Hii naisikia tangu 2017 jiwe la msingi lilipowekwa Chongoleani. Bomba ni kilomita 1,443, linataka watu wengi wakati wa kulijenga, likishajengwa mafuta yanatembea yenyewe na wanaobaki ni wachache. Sisemi hakuna kitakachopanda. Nasema usijenge vyumba kumi kwa ajili ya mtu mwenye mkataba wa miezi 18. Waulize wazee wetu katani ilipoanguka bei, afu na viwanda vikafa kimoja kimoja, ni nyumba ngapi zilibaki zinatazamana na popo.

"Kuchukua pango la mwaka mzima kwa mkupuo ni ujanja." Ujanja mpaka mwezi wa nane paa linavuja na hela ulishaila kwenye harusi. Mi wateja wangu nawaambia kila siku, nunua daftari, kila pango likiingia toa sehemu ya sita weka akaunti nyingine usiyo na kadi yake. Hawanisikii. Anayenisikia ni mzee mmoja wa Makorora ana singo nane (vyumba vya kupangisha kimoja kimoja) za bei ya kawaida, anaandika mpaka balbu, na mwaka jana kabadilisha bati lote bila kukopa mtu.

Yule wa kahawa nilimwandikia hesabu kwenye karatasi ya kashata. Kaiweka mfukoni, akaniuliza kama namjua fundi wa matofali.