Hiyo dawa ya "meza uende kazi" haiui homa

"Daktari nipatie ile ya kwenye tangazo la redio, ile inamaliza homa leo leo, matatu inaningoja." Hapa kemisti Kisumu hiyo naiskia hadi nachoka, so wacha niandike mara moja.

Haimalizi homa. Homa ya kawaida inaletwa na virusi na hakuna tembe kwa rafu yangu inaviua, mwili wenyewe unavimaliza kwa wiki moja hivi, siku kumi kwa wengine. Kwa hizo tembe za watu wa haraka mara nyingi utapata parasetamoli ya kutuliza maumivu na kushusha joto, kafeini ya kukuchangamsha, na kitu ya kukausha kamasi. Unaskia umepona kumbe umechangamshwa tu, halafu unabanana na watu kwa mat siku zile mbili tatu za kwanza, na ndizo unaambukiza zaidi. Tangazo haliwezi kukuambia ulale, kulala hakuuzwi.

Mahali nakasirika kabisa ni saa sita, dawa ikiisha nguvu mtu anasema haikuwa kali, anaongeza Panadol mbili, jioni anakoroga ile ya unga kwa maji moto, na zote ziko na parasetamoli! Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500 ukihesabu kila kitu, si 8 za hii na 8 za ile. Ukipitisha ini linaumia, na siku ya kwanza unaweza usiskie chochote. Geuza pakiti usome nyuma kabla hujalipa, ukiona parasetamoli mara mbili rudisha moja, hata kama ni mimi nimekuuzia.

Ati ya kuzibua pua lazima iwe tembe? Fenilefrini ya kumeza, hiyo dawa ya kuzibua pua iko kwa tembe za homa, washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikubaliana Septemba 2023 kwamba haizibui pua kuliko tembe tupu isiyo na dawa ndani. Jaribu maji ya chumvi ya pua, ni bei nafuu. Na kama una presha niambie kwanza kabla ya kuchukua tembe ya kuzibua pua.

Kamasi ya kijani haimaanishi unahitaji antibiotiki kama amoksilini. Usiniombe.

Watu wa boda, tembe nyingi za homa ziko na dawa ya jamii ya Piriton na hiyo inaleta usingizi, usimeze halafu ubebe mtu.

Ingine ya huku kwetu ziwani: mwili moto, viungo vinauma, kichwa kinagonga, lakini hakuna kamasi wala kupiga chafya, na bado mtu anataka dawa ya homa. Hiyo inaweza kuwa malaria, na parasetamoli itashusha joto uone uko sawa wakati vijidudu vinaendelea kuongezeka kwa damu. Pimwa leo, usingoje wikendi ndio upate off.