“Picha zake zipo mtandaoni”: dhana zinazowazuia wabunifu majengo vijana kujifunza nje ya studio

Kila nikitangaza matembezi ya Jumamosi kwa vijana walio fildi ofisini kwetu, maswali yanayorudi ni yale yale. Kuna cheti? Kuna posho? Hayo nimeshayazoea, na majibu yake ni mafupi. Linalonikera husemwa kwa upole kabisa, tena na mwanafunzi mzuri tu: “Mkuu, lile jengo nimeshaliona. Picha zake zipo mtandaoni.” Safari hii ilikuwa Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sawa, picha zipo. Hata nyuma ya ile noti ya zamani ya shilingi 500 ulikuwepo. Kwa kipimo hicho, kila muuza karanga wa Dar es Salaam ameshausoma ule ukumbi.

Basi niandike mara moja, ili nikiulizwa tena nimtumie mtu hii.

“Kutembelea majengo ni utalii”

Hapana. Picha ya jengo hupigwa wakati rangi ya ukuta bado ni mbichi. Mpiga picha amechagua saa, amechagua kona, ameondoa ndoo na kamba ya nguo, na amengoja wapita njia wapite. Anachokuonyesha ni nia ya mbunifu. Jinsi ile nia ilivyokutana na masika thelathini au arobaini, picha haikwambii, na huko ndiko kazi yetu inakopimwa.

Nenda Upanga, simama mbele ya ghorofa mojawapo ambayo wazee wa Dar bado wanaiita nyumba ya Msajili, yaani Msajili wa Majumba wa serikali. Usitazame sura yake, tazama chini ya madirisha. Utakuta dirisha moja limeacha michirizi myeusi ukutani kama mtu aliyelia na wanja machoni, na la jirani ukuta wake ni safi. Inama utazame chini ya kizingiti kilichochomoza. Chenye ukuta safi kina kifereji chembamba, upana wa kidole, kinachokwenda urefu wote wa kizingiti. Maji yakifika hapo yanakatika na kudondoka. Pasipo na kifereji, maji yanajikunja chini ya zege na kurudi mpaka ukutani, mwaka baada ya mwaka, na plasta inaanza kuvimba. Kwenye mchoro wa skeli ya moja kwa mia hicho kifereji hakionekani. Kwenye picha ya kompyuta ndiyo kabisa. Na usipomchorea fundi, fundi hakitengenezi, wala huna haki ya kumlaumu.

Ukimaliza madirisha, angalia wakazi wamefanya nini. Balkoni imezibwa kwa mabati. Grili imetokeza nje ili mtungi wa gesi upate pa kukaa. Korido limegawanywa kwa ubao. Vijana wangu huwa wanasema, “Wameliharibu jengo.” Hawajaliharibu, wamelimalizia. Kila nyongeza ni swali ambalo mwenzetu hakuliuliza alipokuwa anachora: mkaa utawekwa wapi, nguo zitaanikwa wapi mvua ikinyesha, mgeni kutoka kijijini atalala wapi. Ukikaa nusu saa unachora nyongeza hizo peke yake, bila kuchora jengo lenyewe, unaondoka na orodha ya mahitaji ambayo hakuna mteja angekuandikia.

Kuna na suala la jua, na hapa uvumilivu huwa unaniishia. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, lakini nyuzi kama 17 tu. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini unadai kivuli kirefu kuliko wa kusini. Bado naletewa michoro yenye madirisha mapana yanayotazama kusini “ili kupata jua”, kanuni iliyonakiliwa nzima nzima kutoka vitabu vya Ulaya, ambako watu wanalitafuta jua wakati wa baridi. Nani analitafuta jua Dar es Salaam? Nawapeleka kwenye ukuta wowote unaotazama magharibi, saa kumi jioni, nawaambia wasimame hapo dakika kumi. Jua linakuja limelala, linapita chini ya kila kivuli cha mlalo ulichokichora. Wanaelewa wenyewe kwa nini wabunifu wa miaka ya hamsini na sitini waliweka mapezi ya wima, yaani vikinga jua vilivyosimama, na matofali yenye matundu upande ule. Sihitaji kuongea.

Soko la Kariakoo nalo kila mwanafunzi analijua kwa picha. Lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kusajiliwa katika fani hii Afrika Mashariki, likafunguliwa 1975. Waulize ile miavuli ya zege kazi yake ni nini, watakujibu “urembo” au “alama ya soko”. Miavuli imegeuzwa juu chini. Inapokea mvua na kuishusha kwenye hifadhi ya maji iliyo chini. Paa, mfereji na nguzo ni kitu kimoja. Ukisimama pale na kufuata njia ya maji kwa macho unaelewa kwa dakika tatu kitu ambacho mhadhara mzima ungekifanya kigumu.

Tukivuka Zanzibar mambo yanakuwa wazi zaidi. Mwanafunzi mmoja alianza kuchora ramani ya nyumba ya Mji Mkongwe kabla ya kutoa futikamba mfukoni. Ukuta akaupa inchi sita. Kwa nini sita? Kwa sababu tofali la bloku ni inchi sita na mkono ulishazoea. Nikamwambia aingize futi kwenye tundu la dirisha. Sentimita hamsini na kitu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hauwezi kuwa mwembamba. Halafu akagundua vyumba vyote ni vyembamba na virefu, kama mita mbili na nusu hadi tatu upana, nyumba nzima. Aliponiuliza sababu nikamwonyesha dari. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua. Urefu wa mti unaofaa kubeba sakafu ndio uliotoa upana wa chumba, na upana wa chumba ndio uliotoa nyumba. Mtu akishaliona hilo, habuni tena chumba kwa kuvuta mstari mpaka pale jicho linaporidhika.

Hapo hapo kuna somo la saruji. Utaona nyumba iliyokarabatiwa kwa plasta ya saruji, nzuri kwa misimu michache, kisha inaanza kubanduka vipande vipande, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuruhusu utoke. Saruji inaufungia ndani. Maji yakikosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma. Gusa ule unga kwa kidole, hutakaa usahau. Soma kwenye kitabu, utajibu mtihani, kisha utaandika saruji kwenye maelezo ya kazi yako ya kwanza ya ukarabati. Nimeyaona.

Wanaoniambia michoro ya vipimo ni kazi ya kizamani nawakumbusha tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883 huko Zanzibar, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walikufa. Aliyekuwa amesimama mbele yake kabla ya siku hiyo akapima nguzo, kina cha varanda na urefu wa ngazi ana kumbukumbu ambayo sasa hakuna anayeweza kuipata kwa kwenda pale.

Ushauri wangu huwa ni ule ule, na vijana wanauchoka: simu ikae mfukoni nusu saa ya kwanza. Beba futi ya mita tano, penseli, daftari lisilo na mistari. Chora mkato mmoja tu wa dirisha, kama vile ukuta umekatwa kwa kisu, kutoka lenta mpaka kizingiti, kwa vipimo. Mkato mmoja uliopimwa nauthamini kuliko picha mia mbili.

“Hawatoi cheti, kwa hiyo siendi”

Cheti cha kuhudhuria hakijawahi kumwajiri mtu. Ninapofanya usaili naomba daftari la michoro ya mkono, na wengi hawana.

“Semina ni za kukusanya pointi”

Hili husemwa na waliosajiliwa, kwa hiyo hawana kisingizio cha utoto. Ni kweli Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inataka tuendelee kujifunza, na majirani zetu Kenya wanadaiwa pointi na BORAQS, bodi yao ya usajili, kabla ya kuhuisha leseni ya mwaka. Sasa kama umelazimishwa kukaa ukumbini siku mbili, si ukae mbele na uulize? Watu wanasaini daftari la mahudhurio, wanakunywa chai, wanarudi saiti. Halafu wanasema semina hazina maana. Mada mbovu zipo, sikatai. Lakini wakadiriaji majenzi wakiwa ukumbini, hapo ndipo pa kuuliza kwa nini makadirio yako huvuka bajeti kila mara, na hutozwi hata shilingi.

“Mikutano ya fani ni ya wenye mihuri ya usajili, mwanafunzi hana nafasi”

Uliza kwanza. Mara nyingi mwanafunzi anakaribishwa na hajitokezi. Siku ya Usanifu Majengo Duniani huangukia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, sambamba na Siku ya Makazi Duniani ya Umoja wa Mataifa, ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 1986. Wiki hiyo ni rahisi kukuta mihadhara na maonyesho, na hakuna anayekagua muhuri mlangoni. Boma la Kale, mkabala na bandari ya Dar, nyumba iliyojengwa miaka ya 1866 na 1867 enzi za Sultan Majid, sasa lina kituo cha urithi wa usanifu majengo. Ingia. Ukuta wake pekee ni darasa.

Na wanaosema mwanafunzi hana la kuonyesha, mbunifu majengo Francis Kéré alichangisha fedha na kujenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, akiwa bado anasoma Berlin. Ikakamilika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo 2004. Pritzker, tuzo kubwa ya fani hii duniani, ilimfikia 2022. Sisemi kila mmoja atajenga shule. Nasema angalau njoo kwenye mkutano.

“Nikionyesha kazi yangu kwenye juri ya wazi, kikao cha kukosoa michoro mbele ya watu, wataniiba wazo”

Wazo la nani? La maktaba yenye ua katikati na paa linaloelea? Nimeliona hilo kwa miaka mingi, na sijaona mtu aliyetajirika nalo. Ficha kazi yako mpaka siku ya mtihani, halafu usikie kwa mara ya kwanza mbele ya maprofesa kwamba choo chako hakina dirisha.

“Fundi hana cha kunifundisha”

Mwite fundi aliyechanganya chokaa maisha yake yote, mpe nusu saa mbele ya kundi. Atakueleza kwa nini chokaa inaloweshwa na kuachwa siku nyingi kabla ya kutumika, atakuonyesha kwa mwiko ikiwa imeiva au la, na atakwambia bila kuzunguka ni michoro ipi ya kwenu haijengeki. Mlipeni muda wake. Posho mnayoidai nyinyi mpeni yeye.

“Yote hayo yapo Dar na Zanzibar, sisi wa mikoani hatuna kitu”

Anayeniambia hivi mara nyingi yupo Dodoma, mji unaojengwa kwa kasi, na tembe za Wagogo hajawahi kuzipima. Paa la udongo juu ya magogo, kuta nene, mlango mfupi, nyumba imeinama kukwepa upepo na joto la mchana. Mwenzake yupo Lindi, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yapo mkoani kwake. Bagamoyo, Mikindani, Tanga mjini, vijiji vya Rungwe, vyote vinangoja mtu mwenye futikamba. Matembezi hayahitaji mfadhili wala bango. Watu wanne wanatosha: wawili washike futi, mmoja aandike, mmoja achore.

Kitu kimoja tu mkizingatie. Pigeni hodi kwanza, salimieni wazee, elezeni mnachokifanya kabla ya futi kutoka mfukoni, na vitambulisho vya chuo viwe karibu. Mtu akiona vijana wanapima nyumba yake bila maelezo anajua moja kwa moja kwamba barabara inapita hapo. Na msithubutu kuweka alama ya chaki ukutani. Mkiweka X, hata iwe ndogo kiasi gani, mtaa mzima utakuwa nje kabla hamjamaliza sebule.